Dekante ya akwariomu: kila kitu kina kole yake

Ilikuwa karibu saa mbili ya usiku, katika parseli moja ya komini ya Kamalondo, si mbali na kiwanja cha mupira cha Mazembe. Umeme ulikatika, sawa vile unakatika siku mingi. Watu wa nyumba wakawasha simu ili wapate mwangaza. Kisha kidogo mutoto akaita: "Mama, kuya uone, huku chini kuko mayi!"

Maji hayo hayakutoka kwenye robine. Yalitoka kwenye basani kubwa ya plastiki iliyokuwa chini ya meza ya akwariomu. Baba wa nyumba ndiye aliyeitengeneza mwenyewe, ili isafishe maji ya samaki wake. Na pale pale chini, katikati ya maji, kulikuwa ralonji yenye pompi ilikuwa imechomekwa.

Usiku ule hakuna mutu aliyeumia, sababu umeme ulikuwa umekatika. Lakini umeme unarudi bila kupiga hodi. Kama ungerudi wakati mutoto amesimama katika maji yale bila viatu, leo tungekuwa tunaandika habari ingine.

Baba huyu, mwenye aliomba tusitaje jina lake, alifanya makosa mawili tu. La kwanza: alichukua kole isiyoshika kitu alichotaka kubandika. La pili: hakufanya hesabu ya maji ya siku umeme unakatika. Makosa hayo yanaweza kufanyika hata Bukavu, Goma, Kalemie ao Bunia, popote mutu anapojitengenezea akwariomu kwa mikono yake. Tuyaangalie moja moja, pamoja na namna ya kuyaepuka.

Dekante ni kitu gani?

Samaki wanapumua na kuchafua katika maji yale yale. Uchafu wao unatoa amonia, na amonia ni sumu kali kwao. Kwa bahati nzuri, kuko bakteria wazuri wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, yenye haina ukali sana. Bakteria hao wanakaa wakishika kitu: eponji, changarawe, vipande vya tofali lililochomwa vizuri.

Dekante, yenye wengine wanaiita sampu, ni tangi ya pili inayowekwa chini ya akwariomu ili kuwa nyumba ya bakteria hao. Maji yanashuka yenyewe kwa tiyo kutoka akwariomu ya juu, yanapita kwenye eponji na changarawe, kisha pompi inayarudisha juu. Faida ni tatu. Maji yote yanakuwa mengi zaidi, na maji mengi hayaharibiki haraka. Uchafu unabaki chini, mbali na samaki. Tena dekante iko wazi juu, inapata hewa. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria wake wanavumilia kuliko wale waliofungiwa ndani ya filtre yenye kifuniko.

Kuna watu wanaosema akwariomu ni mambo ya wazungu. Wakumbuke hivi: Ziwa Tanganyika, lenye linagusa Uvira, Kalemie na Moba, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa makobo tunaokula Lubumbashi. Karibu aina zote hizo hazipatikani katika ziwa lingine lolote duniani. Katika miaka ya 1970 Mubelgiji Pierre Brichard alikuwa akituma samaki wa ziwa hilo ngambo kutoka Bujumbura, na mu 1978 alitoa kitabu juu yao. Samaki wetu wanajulikana katika vioo vya Ulaya na Marekani tangu zamani. Hakuna sababu wasijulikane Kamalondo.

Mu muji wa shaba, ogopa shaba

Mbele ya kuzungumza juu ya vitre na kole, tuanze na kitu ambacho watu wa Lubumbashi wanakiamini kupita vyote. Muji huu ulizaliwa mu 1910 sababu ya shaba, na mu 1911 Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa hapa. Katika parseli nyingi hakukosi kipande cha waya ya shaba ao robine ya zamani ya njano. Mutu akitafuta tiyo ya kudumu, anafikiri shaba.

Kwa samaki, shaba ni sumu. Shirika la afya duniani, OMS, linakubali mpaka miligramu 2 za shaba katika litre 1 ya maji ya kunywa. Kiasi hicho, na hata kidogo kuliko hicho, kinaweza kuua samaki wengi, zaidi sana watoto wao. Konokono wa maji wanatangulia kufa. Yaani maji yenye wewe unakunywa bila shida yanaweza kuwa kifo kwa samaki. Na kama maji ni laini, yenye chokaa kidogo, ukali wa shaba unaongezeka.

Kwa hiyo, ndani ya dekante na akwariomu usiweke kitu chochote cha shaba. Usiweke robine ya njano, sababu ile njano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Usiweke tiyo ao sahani ya mabati yenye ngozi ya zinki, sababu zinki pia inaumiza samaki. Kama ni lazima kuwe na bulo katika maji, tafuta ya plastiki. Na maji ya robine ya Regideso yenye kloro, yaache katika ndoo wazi siku moja ao mbili mbele ya kuyamwanga ndani.

Vitre: ya kwanza katika yote

Kwa dekante ya nyumbani, vitre ya dirisha ndiyo inayopendekezwa. Haitoi kitu katika maji, silikoni inaishika vizuri, na fundi wa vitre anaikata kwa vipimo unavyomupa.

Tuchukue mufano wa dekante yenye urefu wa santimetre 80, upana wa 30 na kimo cha 35. Ikijaa kabisa inabeba litre 84. Watu wanafikiri vitre inasukumwa na wingi wa maji. Hapana: inasukumwa na kimo cha maji. Dekante ya upana wa santimetre 30 na ingine ya upana wa 60, kama kimo ni kimoja, vitre ya mbele inasukumwa sawasawa. Katika mufano wetu, ikijaa mpaka juu, maji yanasukuma vitre ile ya mbele kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 49. Ni kama mutu amekaa anaiegemea mchana na usiku, bila kuondoka. Ndiyo sababu vitre nyembamba ya milimetre 3 haifai hata kama leo inaonekana inasimama. Kwa kipimo hiki chukua milimetre 6. Vile vipande vya kugawanya ndani, vyenye vina maji pande mbili, vinaweza kuwa vya milimetre 4.

Usisahau uzito. Vitre ya milimetre 6 ina kilo 15 kwa kila metre karé. Dekante yetu inakula karibu metre karé moja. Kwa hiyo maji pamoja na vitre ni karibu kilo 100. Iweke juu ya kitu kilichonyooka, pima kwa nivo, na chini yake weka kipande cha frigolite chenye kinameza matuta madogo. Punje moja ya muchanga chini ya vitre inaweza kuipasua.

Vitre ya zamani pia inafaa, kama haina mikwaruzo mirefu wala kona zilizovunjika. Lakini achana na vitre za mulango wa mutuka. Zile zilichomwa kiwandani ili ziwe ngumu, na fundi akizigusa na chuma cha kukata zinavunjika zote kuwa punje punje.

Wakati wa kumupa fundi vipimo, kumbuka unene wa vitre yenyewe. Kama chini ni 80 kwa 30, na vitre ndefu zinasimama juu yake, basi zile fupi za pembeni haziwezi kuwa 30. Ondoa milimetre 12 za vitre mbili, na milimetre 2 za nafasi ya silikoni. Inabaki santimetre 28.6. Wengi wanasahau hesabu hii ndogo, halafu wanajaza nafasi kwa silikoni nyingi. Kisha, sugua kingo zote kwa karatasi ya emeri yenye umelowesha maji, ili zisikukate mikono.

Plastiki: rahisi kupata, ngumu kubandika

Ndoo, basani, bidoni na mapipa viko kila pahali, na bei yake ni ndogo. Baba wetu wa Kamalondo alichagua basani kwa sababu hiyo. Alitoboa tundu, akapitisha tiyo, akazungusha silikoni. Mwenye kumuuzia alimuambia: "Hii kole inakamata bintu yote, papa." Kwa wiki mbili ilishika. Siku maji yalipoongezeka na basani ikavimba tumbo, silikoni ikachubuka sawa ngozi ya ndizi.

Sababu yake ni hii. Ndoo, basani na bidoni nyingi zinatengenezwa kwa polietilini ao polipropilini. Plastiki hizo zina uso wa mafuta mafuta wenye haukubali kole. Silikoni haizishiki, kole ya tiyo haizishiki, hata kole kali za matone haziwezi kukaa juu yake kwa muda. Geuza chombo chako uangalie chini. Utaona pembetatu yenye namba ndani. Namba 2 na 4 ni polietilini, namba 5 ni polipropilini. Ukiona mojawapo ya hizo, sahau habari ya kole.

Je, basi basani haifai? Inafaa, lakini tundu lake lifungwe kwa kukazwa, si kwa kubandikwa. Katika kenkayeri kuko viungo vya tangi ya maji, vyenye vina nati kubwa na mupira pande mbili. Unatoboa tundu la kipimo chake, unaweka mupira, unakaza nati kwa mukono. Kiungo hicho hakihitaji kole hata tone. Tena, chagua chombo cha duara. Ndoo na pipa vinagawanya nguvu ya maji pande zote, lakini basani ya pembe nne inavimba.

Na uulize kila mara: mbele ya kuuzwa, chombo hiki kilibeba nini? Sisi tunakaa katika jimbo la mines na magaraji. Kuko mapipa na bidoni zilizobeba asidi, dawa za kusafisha madini ao mafuta ya mashini. Plastiki inameza harufu na dawa, na kuosha kwa sabuni hakutoi vyote. Kama muuzaji hajui kilichokuwa ndani, acha. Chombo cha chakula mara nyingi kina alama ya kikombe na kanya. Na onyo hili si kwa samaki tu: pipa lile lile usiliweke maji ya kunywa ya watoto.

Pleksi na vingine

Pleksi ni nyepesi na inaonyesha sawa vitre, lakini silikoni inaishika kidogo tu. Inataka kole yake ya maji maji, yenye inayeyusha kingo mbili ili ziwe kitu kimoja. Kole hiyo inatoa moshi mubaya, inatumiwa pahali pa wazi. Kama huna mazoea nayo, baki na vitre.

Simenti mupya inatoa chokaa kali katika maji kwa muda wa wiki nyingi. Mbao inataka kupakwa dawa ya epoksi pande zote, na tundu moja dogo linatosha kuiozesha. Kwa mutu anayeanza, hivi viwili si vya kushauri.

Silikoni ipi?

Sasa tufike kwenye kole ya vitre. Silikoni ndiyo inayotumiwa kwa akwariomu katika dunia mzima, lakini si kila tibu lenye kuandikwa silikoni linafaa. Ukiwa mbele ya muuzaji, fanya mambo haya.

Soma tibu. Ile nzuri zaidi imeandikwa kwamba ni ya akwariomu. Kama haiko, tafuta ile safi ya aina inayoitwa "acétique". Inapokauka inanukia siki, sawa ile ya kuweka katika saladi. Harufu hiyo inaisha ikikauka, na inayobaki haina madhara kwa samaki.

Kimbia neno "anti-moisissure". Silikoni nyingi za duse na za jikoni zimewekwa dawa ya kuua ukungu. Dawa hiyo ndiyo inayotoka polepole na kuua bakteria na samaki. Mara nyingi zimeandikwa "sanitaire" ao "salle de bain". Ni nzuri kwa duse, ni mbaya kwa dekante.

Usidanganywe na "acrylique". Kuko tibu zenye zinafanana kabisa na silikoni, lakini ni mastiki ya akriliki ya kuziba nyufa za ukuta mbele ya kupaka rangi. Ikikaa katika maji inakuwa laini na kuachia. Ile inayoitwa "neutre", isiyonukia siki, inaweza pia kuwa na dawa zisizofaa. Iache, isipokuwa kama mwenye kuitengeneza ameandika wazi kwamba ni ya akwariomu.

Angalia tarehe, na uliza ilikaa wapi. Silikoni iliyopita wakati, ao iliyokaa juani siku nyingi mbele ya mulango, haikauki tena vizuri. Jaribu nyumbani mbele ya kuanza kazi: kamua mustari mudogo juu ya mufuko wa plastiki, ngojea siku moja. Kama kesho yake ungali unanata juu, tupa tibu hilo. Ni afazali kupoteza franka za tibu kuliko kupoteza kazi yote.

Na zile kole zingine? Kole ya viatu, goudron, mastiki ya kuziba mabati ya nyumba: zote hapana. Zina dawa zenye zinaingia katika maji. Epoksi ya tibu mbili inaweza kusaidia kuziba kitu kidogo, kama umeipima nusu kwa nusu na umeiacha ikauke kabisa, lakini usijenge nayo dekante. Kole kali ya matone, ikikauka, haina shida kwa samaki, lakini inavunjika sawa sukari. Ni ya kubandika majani juu ya jiwe, si ya kubeba kilo 49.

Kubandika na kungojea

Vitre isiyo safi haishikwi. Futa kingo kwa alkoli ya kuwasha moto ao asetoni na kitambaa kisicho na mafuta, kisha usiziguse tena kwa vidole. Jasho la kidole kimoja linatosha kuacha njia ya maji.

Weka skochi ya karatasi pande mbili za pahali pa kubandika, ili kazi iwe safi. Kamua silikoni mustari moja bila kukata, simamisha vitre, sukuma polepole, lakini usiikamue yote kutoka. Milimetre 1 ya silikoni inapaswa kubaki kati ya vitre na vitre, sababu ndiyo inayofanya kazi ya mupira. Shikilia pande zote kwa skochi. Kisha pitisha mustari mwingine katika kona za ndani, laini kwa kidole chenye maji ya sabuni, na ondoa skochi ya karatasi ingali mubichi.

Usitengeneze tundu linalovuja kwa kupaka silikoni mupya juu ya ile ya zamani. Silikoni haishiki silikoni iliyokwisha kukauka. Inapaswa kukata yote kwa jileti, kufuta kwa alkoli, na kuanza upya.

Sasa jambo lenye wengi hawalijui. Silikoni haikaushwi na jua wala na moto. Inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kama milimetre 2 ao 3 kwa siku. Lubumbashi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ni kavu na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi. Wakati huo silikoni inachelewa. Kama wakati wa mvua unangojea siku 7, wakati wa kiangazi ngojea siku 10 ao zaidi. Alama ni harufu: kama kona zingali zinanukia siki, kazi haijaisha.

Tiyo

Tiyo ya PVC ngumu ni nzuri kwa dekante, na kole yake ni ile ya PVC, yenye inayeyusha plastiki mbili na kuziunganisha. Safisha, sugua kidogo kwa emeri, paka pande mbili, ingiza mara moja huku unazungusha. Ngojea siku nzima, kisha pitisha maji ya kumwanga mbele ya kuweka samaki. Ile tiyo nyeusi ya kuviringa ni polietilini. Tulisema kole haiishiki. Inafungwa kwa viungo vya kukaza.

Kutoboa vitre ya akwariomu kunataka kidude chenye almasi na maji ya kupoza. Kama fundi wako hana, wako watu wanaopitisha tiyo ya umbo la U juu ya ukingo. Inafanya kazi, lakini ina hatari yake, tutaiona sasa hivi.

Hesabu ya siku Snel wanakata

Pompi ikisimama, maji hayasimami pamoja nayo. Yale yaliyo juu ya tundu la kushukia yanaendelea kushuka. Na tiyo ya kurudisha, kama mudomo wake umezama, inaanza kunyonya kinyume: inashusha maji mpaka mudomo ule upate hewa.

Tuseme akwariomu ya juu ina urefu wa santimetre 100 na upana wa 40. Kila santimetre 1 ya maji yake ni litre 4. Kama mudomo umezama santimetre 15, zitashuka litre 60. Dekante yetu ya 80 kwa 30, ikiwa imejazwa mpaka santimetre 25, inabaki na nafasi ya litre 24 tu. Litre 36 zinaenda chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule Kamalondo: basani ilipokea maji kuliko nafasi yake, ikavimba, na ile silikoni ikaachia.

Dawa yake haihitaji franka. Weka mudomo wa tiyo ya kurudisha santimetre 2 tu chini ya uso wa maji, ao toboa tundu dogo kwenye tiyo karibu na uso, lenye litaingiza hewa. Tundu hilo lisafishwe kila wiki, sababu majani ya kijani yanaliziba. Hapo kutashuka kama santimetre 3 tu, yaani litre 12, ongeza litre 2 za ndani ya tiyo. Litre 14 katika dekante yetu zinapandisha maji karibu santimetre 6. Wewe acha nafasi ya santimetre 10. Kuko pia klape za kuzuia maji kurudi nyuma, lakini punje moja ya muchanga inaiacha wazi. Usiweke usalama wa nyumba juu yake peke yake.

Kwa mwenye tiyo ya U, umeme ukirudi kuko hatari ingine: kama hewa imeingia juu ya tiyo, maji hayatashuka tena, lakini pompi itaendelea kupandisha. Kwa hiyo chumba cha pompi kiwe kidogo. Kikiwa na litre 12, yote yakipanda juu yanaongeza santimetre 3. Acha santimetre 5 wazi juu ya akwariomu, na hakutamwangika kitu.

Mwisho wa hesabu ni umeme wenyewe. Ralonji isikae chini hata siku moja. Ipigiliwe ukutani, juu kuliko maji. Waya ya pompi ishuke kwanza chini ya prizi kisha ipande, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini lisiingie ndani. Na mbele ya kuingiza mukono katika maji, chomoa.

Jaribu mbele ya samaki

Jaza dekante pahali pa nje, juu ya karatasi kavu ao simenti kavu. Iache siku mbili. Unyevu kidogo kwenye kona ni kuvuja. Usijiambie kwamba itajiziba. Kisha iunganishe na akwariomu, washa pompi, na uchomoe kwa makusudi. Angalia maji yanafika wapi. Washa tena, chomoa tena, mara tatu. Afazali ujue mchana, ukiwa umesimama na kitambaa mukononi, kuliko kujua usiku katika giza.

Ikipita hapo, usiingize samaki wote pamoja. Bakteria wanahitaji wiki 4 mpaka 6 ili wajae katika eponji. Anza na wachache wenye nguvu.

Baba wa Kamalondo ametengeneza dekante mupya, ya vitre, na ralonji iko ukutani. Mara hii, tibu ya kwanza ya silikoni aliirudisha kwa muuzaji juu ilikuwa imeandikwa "anti-moisissure". "Mbele nilikuwa natafuta kole ya nguvu," anasema. "Sasa mi nauliza kwanza: ni kole ya kintu gani?"